Mabano ya Baba Mkwe

Kwanza niwaambie mimi si mtu wa kuona vitu. Nimesomea ufundi Mbeya, nachora vyuma kwa kompyuta, na mtu akiniletea habari za bundi juu ya paa namuuliza kama panya wamepungua. Kwa hiyo haya ninayosimulia msiyatie kwenye fungu la hadithi za kulalia watoto. Yamenitokea mimi, mchana, Tukuyu hapa hapa mtaa wa Bagamoyo, nikiwa nimeshiba na akili zangu timamu. Anayetaka kucheka acheke, ila anisubiri nimalize.

Karakana yetu ina mashine moja ya maana, ya kukereza vyuma. Chuma kinazunguka, kisu kinakata, na kila hatua ya kisu imeandikwa kwenye faili, mstari kwa mstari. Faili naiandika mimi ofisini, kisha naituma mpaka kwenye mashine, chumba cha pili. Si kwa intaneti, msidhani tuna makubwa. Ni waya mmoja wa bluu uliopita kwenye tundu la ukuta, na kiboksi chenye vitaa vya kijani. Faili zote tulizipa jina moja, KAZI, mpya ikifika inafuta ya zamani, kwa sababu aliyekuwa akisimama kwenye mashine hakupenda kutafutatafuta. Huyo alikuwa baba mkwe wangu.

Sasa asiye Mnyakyusa anisikilize vizuri. Kwetu mkamwana hatazamani na baba mkwe. Hazungumzi naye, hali naye, hatamki jina lake. Akimwona njiani anajitupa kando na kugeuza uso mpaka mzee apite. Si chuki, ni heshima, na heshima yenyewe ina jasho. Vijana wengi wa mjini wameshaiacha. Mimi mama yangu wa Ikuti alinilea nayo, na mzee naye alikuwa mtu wa zamani, basi tukaishika. Mwalimu mpangaji wetu, mtu wa Tanga, alikuwa akinitazama ninavyoruka nyuma ya milango anashika mbavu. "Sasa nyie," ananiuliza, "kazi mnaifanyaje?"

Tuliifanya kwa mabano. Kwenye programu, chochote ukiandika ndani ya mabano mashine inakiruka. Ni kwa ajili ya macho ya binadamu tu. Basi nikimaliza faili naandika juu kabisa: (SHIKAMOO BABA. CHUMA HIKI KIGUMU. KATA POLEPOLE.) Naituma. Baada ya muda kidogo faili inarudi upande wangu: (MARAHABA. KISU CHA TATU BUTU. CHAI IPO KWENYE CHUPA.) Miaka sita tulikaa hivyo, ukuta mmoja katikati, na niaminini, sura yake sikuwahi kuiona. Nilimjua kwa kikohozi chake, viwili vifupi na kimoja kirefu. Nilimjua kwa maandishi. Na nilimjua kwa gambuti zake za mpira, ya kulia ina kiraka chekundu cha tyubu, maana macho yangu yalikuwa chini sikuzote.

Mzee alikuwa na jambo moja ambalo halivunjiki. Faili ikifika kwenye mashine, kabla hajagusa kitufe cha kijani, anairudisha kwangu. Mimi nahesabu mistari ya iliyokwenda na mistari ya iliyorudi. Ikilingana naandika (SAWA BABA), na hapo ndipo chuma kinaanza kuzunguka. Ambokile, mume wangu, alikuwa akichoka roho. "Mashine imesema imefika, si imefika?" anasema. "Mzee huyu hata salamu anaihesabu."

Masika yalipoanza mzee akafariki. Msibani nilikaa na wanawake, uso nimeufunika, na watu walipoitwa kumuaga sikuinuka. Matanga yalipoanuliwa nguo zake ziligawanywa. Gambuti alipewa mdogo wake, baba mdogo wa Ikuti, ambaye kwangu naye ni mkwe na ninamkwepa vilevile. Tukarudi kazini, Ambokile akashika mashine. Na hapa nakiri mbele yenu, wiki ile ile ya kwanza tukaacha kurudisha faili. Nani angetusuta? Kioo cha kinga cha mashine nacho kikavunjika, tukasema tutanunua kesho. Kesho ile mnaijua. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, ya kwanza, baada ya miaka sita ya kuulizwa maswali sokoni, na akili zangu zote zilikuwa tumboni.

Siku yenyewe ilikuwa ya ukungu, ule wa mwezi wa saba unaoingia mpaka ndani ya sufuria. Saa tisa alasiri tumewasha taa. Tulikuwa na ekseli ndefu ya kiwanda kimoja cha chai, inasubiriwa. Nikaandika faili, nikaituma. Katikati ya safari umeme ukakonyeza, vitaa vya kiboksi vikazima vikawaka. Skrini ikasema imekamilika. Nikaita, "Tayari!" Nikamsikia Ambokile anafunga chuma kwenye mashine, kisha anatoka kwenda stoo ya nyuma kuchota mafuta ya kupoozea kisu.

Nikainuka nikanywe maji. Nikasukuma mlango wa bati, na pale mbele ya mashine, ukungu umejaa kutoka mlango mkubwa, nikaona gambuti mbili zimesimama. Ya kulia ina kiraka chekundu.

Mnafikiri nilipiga kelele? Wala. Nilifanya nilichofundishwa tangu nilipoolewa. Nikageuza uso, nikajibana nyuma ya mlango na tumbo langu lote. Nikajisemea, baba mdogo kaja kutoka Ikuti, na hodi hakupiga. Nikakohoa ili ajue nipo. Naye akakohoa, viwili vifupi, kimoja kirefu. Nikasema moyoni, kweli ndugu hufanana mpaka vifua. Kisha nikasikia vitufe vya mashine vinabonyezwa taratibu, kwa kidole kimoja.

Baba mdogo maisha yake yote ni migomba na chai. Mashine kajifunza wapi? Swali hilo lilinipitia kichwani likaenda zake, maana mtu anayemkwepa mkwe hafikiri, anahesabu pumzi tu. Hebu pateni picha. Mtu mwingine yeyote hapa Tukuyu angeinua macho, angeiona ile sura, na angekimbia bila kugeuka nyuma. Mimi peke yangu nilibaki pale, kwa adabu.

Gambuti zikaja upande wangu. Zikasimama karibu na mlango, nikasikia harufu ya mafuta ya mashine na ubaridi wa ukungu. Mtoto akapiga teke tumboni, moja, la nguvu. Zikasimama kidogo tena, kisha zikatoka nje.

Nikarudi ofisini nimesahau hata maji. Na pale kwenye kompyuta, kwenye folda ambayo haikuwa imepokea kitu tangu msiba, kulikuwa na faili imerudi. Nikaifungua. Juu kabisa imeandikwa:

(MKAMWANA. HESABU MISTARI.)

Nani mwingine duniani angeniandikia vile? Nikahesabu. Niliyotuma ilikuwa na mistari mia mbili na kumi na miwili. Iliyorudi ilikuwa na mia tatu na minne. Na chumba cha pili nikasikia kopo la mafuta linawekwa chini, na nyayo za mume wangu zinasogea kwenye mashine.

"Ambokile!" Nilipiga ukelele ambao sijawahi kuupiga, hata kujifungua sikupiga vile. "Usiguse! Usiguse!"

Nilimkuta kidole kiko juu ya kitufe cha kijani, uso wake uko pale pale ambapo kioo kilitakiwa kuwepo. "We mwanamke, vipi?" akasema. "Nusura nilipige teke kopo."

Tukaisoma faili pamoja, mstari kwa mstari. Nusu ya juu ilikuwa ya ekseli yetu. Umeme ulipokonyeza, nusu ya chini haikufika, na mahali pake ikabaki ya kazi ya juma lililopita, ya chuma kifupi. Maana yake ni nini? Kisu kingefika katikati, kikadhani chuma kimeishia hapo, kikarudi kwa kasi yote kupita mahali ambapo ekseli ndefu bado inazunguka. Kisu kingevunjika na vipande vingeruka, na mbele yake hakuna kioo, kuna kichwa cha baba wa mwanangu. Ambokile alisoma mpaka mwisho, akaondoa mkono wake kwenye mashine akauficha mfukoni.

"Umejuaje?" akaniuliza.

"Baba mdogo karudisha faili. Yule aliyekuwa hapa sasa hivi."

"Hapa hakuna mtu. Stoo na mlango mkubwa vinatazamana, ningemwona."

Akampigia simu baba mdogo, akaweka sauti kubwa. Mimi nikasogea pembeni, maana hata kwenye simu namkwepa.

"Baba mdogo, shikamoo. Leo umefika Tukuyu?"

"Malahaba. Tukuyu gani, mwanangu? Ukungu fijo, mvua fijo, nyingi sana. Hata mgomba wa kwanza sijauvuka."

"Na zile gambuti za mzee, ziko wapi?"

"Si nimesivaa hapa! Kwani unasitaka?"

Ambokile akakaa chini juu ya vyuma, simu mkononi, baba mdogo bado anaita alo, alo. Na mimi? Niliogopa, ndiyo, siwadanganyi. Lakini nililia, na sikulia kwa woga. Nililia kwa sababu mzee yule alikuwa amekuja mpaka pale, na bado aliuheshimu mwiko wangu. Hakuninyooshea mkono, hakuniita kwa sauti. Alipita kwenye waya, kama siku zote. Na miaka yote sita mimi sikuwahi kumwambia asante kwa kinywa changu.

Kioo tuliweka wiki ile ile. Kurudisha faili sasa haturuki hata siku moja. Inakwenda, inarudi, nahesabu, na Ambokile ndiye anayenikumbusha. Mwezi wa tisa nikajifungua mtoto wa kiume. Ukoo ukakaa ukasema apewe jina la babu yake. Vizuri, lakini mnaona shida iliyonipata? Jina lile mimi silitamki. Mwanangu mwenyewe, niliyemsubiri miaka sita, kila mtu anamwita jina lake, mpaka mwalimu wa Tanga, isipokuwa mama yake. Mimi nilikuwa namwita "wewe" kama namgombeza. Usiku namnyonyesha, nalisikia jina limenikaa kooni, nalimeza. Iliniuma, jamani. Iliniuma sana.

Siku moja Ambokile akaenda Mbeya kuchukua vyuma. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikaiwasha mashine bila chuma chochote, nikarudi ofisini nikaandika faili ya mstari mmoja:

(SHIKAMOO BABA. MTOTO ANA JINA LAKO. MIMI SIWEZI KUMWITA.)

Nikaituma. Nikatia komeo mlango mkubwa kwa ndani, nikafunga ule wa bati kwa kufuli, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga. Najua mnachotaka kusema, kwamba ni Ambokile kaandika. Ambokile wakati huo alikuwa Mbeya ananipigia kuuliza kipenyo cha chuma, na nyuma yake nasikia makondakta wanaita abiria. Nikakaa nikamnyonyesha mtoto mpaka akasinzia. Nilipoinua macho faili ilikuwa imerudi. Nikahesabu, kwa mazoea. Mistari miwili, wangu na juu yake mwingine.

(MARAHABA. MWITE.)

Nikamwita. Mara ya kwanza kwa kunong'ona, nikingoja dari inidondokee. Haikudondoka. Mara ya pili kwa sauti. Mara ya tatu nililiita mpaka mwalimu akatoka na kijiko mkononi kuuliza nani amepotea. Mtoto alifungua jicho moja akanitazama, akalala tena. Hapa kwenye karatasi jina siliandiki, bado naona haya mbele za watu. Lakini ukipita Bagamoyo asubuhi utalisikia, maana mwenyewe ameshaanza kutambaa na anapenda sana waya wa bluu.

Basi wewe unayetuma kazi kwenye mashine ukaridhika kwa kuwa skrini imesema imekamilika, shauri yako, mimi nimekwambia. Irudishe uihesabu kabla mtu hajagusa kijani. Na siku ukikuta mabano ambayo hukuyaandika wewe, usiyafute. Yasome kwanza, halafu itikia.