Usigeuke Lukwangule

Nilikuwa bado mtoto, meno ya mbele yameng'oka, nilipovushwa milima ya Uluguru kutoka Mgeta hadi upande wa Matombo, nyuma ya mizigo ya Mjerumani. Mzungu yule alikuwa akikusanya majani na ndege, na baba alikuwa mpagazi wake. Mama alikuwa amefariki. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, basi baba alikuwa ananipeleka kwa mjomba, kisha arudi peke yake. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Mtoto gani anaulizwa?

Mwanzoni safari ilikuwa tamu. Tuliyaacha mashamba ya maharage, tukaiacha migomba, tukafika kwenye msitu wa Lukwangule, ambako miti imeota ndevu na ukungu haukauki. Mbega walituchungulia kutoka juu. Kila mara Mzungu alisimama kuchuma jani na kulibana kwenye karatasi zake, na sisi tukamsubiri huku baridi ikitutafuna.

Kabla hatujaingia ndani, baba alichutama mbele yangu.

"Humu haitwi mtu," aliniambia. "Ukisikia sauti nyuma yako, hata iwe ya mama yako, usiitike, wala usigeuke. Mzimu huazima sauti ya yule unayempenda."

"Na kama ni mtu kweli?"

"Mtu kweli atakuja akushike mkono."

Tukapita kimya, kila mtu na roho yake mkononi. Nilitega sikio njia nzima. Nawaambia ukweli, nilitamani mama aniite. Hakuniita.

Kwa mjomba tulilala usiku mmoja. Asubuhi wapagazi walianza kurudi, na baba alinishika kichwa akasema, "Mahindi yakikauka nitakuja kukuona." Nilikubali kwa adabu. Lakini walipoanza kupanda, moyo ulinishinda, nikachomoka mbio. Mke wa mjomba alinidaka ukingoni mwa msitu, akanibana kiunoni. Wenzake baba walikuwa wameshazama kwenye ukungu. Yeye alikuwa wa mwisho, mzigo kichwani, mgongo wake bado unaonekana.

"Baba!" niliita. "Baba, nichukue!"

Alisimama. Nilimwona kabisa akisimama, mkono ukiushika mzigo vizuri. Kisha akaendelea kupanda.

"Nyamaza, unaita mizimu," mke wa mjomba alininong'oneza, akaniburuta nyumbani.

Mahindi yalikauka, yakavunwa, yakapandwa mengine. Baba hakuja. Vikaja vita vya Wajerumani na Waingereza, wapagazi wakasombwa, na habari zake zikakatika. Nilikua na watoto wa mjomba, nikala nao sahani moja, lakini nilikuwa mpweke. Nilikuwa mtoto ambaye baba yake alimsikia na hakumtaka. Jambo hilo sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Nikiwa na watoto wangu tayari, akapita mzee mmoja akitokea Mgeta, akaomba maji. Nikamwamkia shikamoo. Jina lake Mkude. Katika kuulizana ukoo, ikaonekana alikuwa mpagazi pamoja na baba.

"Baba yako alikufa vitani, kwa homa," alisema. "Lakini kabla ya hapo aliwahi kunitia huruma. Siku tuliyotoka kukuacha, alilia msitu mzima. Alisema mzimu umeiba sauti ya mwanawe, unamwambia, nichukue."

"Haukuwa mzimu, Mzee," nikamwambia. "Nilikuwa mimi."

Aliweka kata chini.

Wajukuu huniuliza kama mizimu ya Lukwangule ipo kweli. Nawajibu sijui, na kweli sijui. Ninachojua ni kwamba baba alifanya alivyofunzwa, tena alivyonifunza mimi, akasubiri mkono ambao haukufika. Simlaumu. Ila mimi nikipita porini nikasikia naitwa kwa nyuma, nageuka. Wajukuu hunikemea, "Bibi, utachukuliwa." Nageuka hivyo hivyo.