Jina la Juu ya Mlango

Fundi anaandika jina langu kwa rangi juu ya mlango wa duka langu la tatu, mimi niliyeishia chuo cha Kurani tu, na harufu ya rangi mbichi inanirudisha kwenye Idi moja ya utotoni. Msikiti, kisima na mtaa wetu vilikuwa na jina hilihili, la matajiri waliowahi kummiliki babu yangu kama mtumwa. Nikakaa barazani kwao, palipokuwa pametoka kupakwa rangi.

"Mtoto wa nani wewe?" akauliza mke wa tajiri.

Nikalitaja jina.

Akacheka. "Hilo tumewaazima tu. Chakula chenu kiko uani."

Bibi yangu akanishika mkono, tukaondoka bila kula. Njiani akasema, "Utajenga baraza lako, mume wangu, nije nikae."

Nimelijenga, pana kuliko lao. Kila Idi natandika hapo mkeka wa marehemu Bibi, wala simruhusu mtu kuukalia.