Kidole Changu Kifuani kwa Mama

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne kijijini Titye, tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, mimi na bibi mzaa baba, mama akatoka kuoga. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba titi lake la kushoto lina kitu kigumu kama punje ya harage, na hakiumi. Bibi aliacha kupukuchua. Akamwambia asikiguse tena, asikitaje, na asithubutu kukinyooshea kidole.

Sheria hiyo tuliijua kwa maboga. Boga changa likinyooshewa kidole linaoza, kwa hiyo shambani tulionyeshana kwa ngumi. Uvimbe, alisema bibi, ni mbaya zaidi: ukiunyooshea, unakua.

Mama akanyamaza. Mimi ndiye niliyekuwa namsugua mgongo, nikaona harage limekuwa limau changa, na ngozi juu yake imebonyea kana kwamba kuna mtu anaivuta kwa ndani.

Miezi mitatu ikapita. Nikaugua homa, mama akanipeleka zahanati. Muuguzi alipomaliza na mimi, akamuuliza mama kama yeye ni mzima. Mama akasema ana shida kidogo. Wapi? Akakunja ngumi, akaizungusha kifua kizima. Muuguzi akaanza kuandika dawa ya maumivu.

"Lakini ni wapi hasa, mama?"

"Huku huku," mama akasema, ngumi ikazunguka tena.

Nikanyoosha kidole nikakiweka penyewe. "Ni hapa. Kinakua."

Mama alinipiga mkono hadi ukafa ganzi. Muuguzi akaweka kalamu chini, akafunga mlango, akampima kwa vidole, taratibu, mpaka kwapani. Kisha akaandika barua ya kwenda hospitali Kasulu, akasema asingoje hata mavuno.

Tulipokaribia nyumbani mama akanigeukia.

"Nikifa, bibi yako atakuuliza wewe."

Madaktari wa Kasulu wakampeleka hospitali kubwa ya Mwanza. Alikaa huko muda mrefu, na muda wote huo niliamini nimemuua. Sikumwambia mtu. Nilichota maji, nikafua, nikasubiri.

Sasa nina watoto wanne, naishi Kibondo. Kila mwezi siku zangu zikiisha najipapasa, matiti yote mawili na makwapa, na kila mara naogopa. Mwaka jana nilikuta kitu. Wiki hiyo hiyo nilikwenda hospitali, nikamwonyesha daktari kwa kidole, akakuta ni maji tu. Wanawake wenzangu kanisani huniambia nina moyo mgumu. Sina. Sina nafasi ya kungoja tu.

Bibi simlaumu. Nilipokuwa mkubwa alinieleza kwamba dada yake alikufa kwa ugonjwa huo huo, zamani, wakati hapakuwa na mtu wa kumwonyesha. Kunyamaza ndiyo dawa pekee waliyokuwa nayo, naye akampa mama kile alichokuwa nacho.

Mama alirudi kutoka Mwanza siku ya mvua, amekonda, kitenge kimelala bapa upande wa kushoto. Hakunitaja wala hakunisifu. Alinivuta tu nikae upande wake wa kulia. Bibi akasonga ugali wa muhogo, akapakua maharage, akatuhesabu kwa macho mmoja mmoja, mama, baba, mimi na wadogo zangu wawili, naye mwenyewe, kisha akarudia kutuhesabu tangu mwanzo.

"Tupo sita," akasema. "Naweni mikono."