Kaseti Nyekundu na Kaseti ya Bluu

Betri zilizoanikwa juani zina harufu yake, kama ya bati la moto. Nikiinusa narudi Bukavu, enzi za Zaïre, kwenye dirisha la chumba chetu, nikiwa na miaka kumi na mmoja. Umeme mtaani kwetu ulikuja ulipopenda, na betri mpya zilikuwa ghali, kwa hiyo zilizochoka tulizianika mchana zipate nguvu kidogo. Kidogo kweli.

Kaka yangu Murhula, niliyemwita yaya kama wadogo wote wa kwetu, alipewa kaseti mbili za roki ya Waingereza na mwalimu wake wa Kiingereza, kijana mpole ambaye mkataba wake ulikwisha akarudi kwao. Yaya alizijua vizuri, maana kila Jumamosi alikuwa akizisikiliza nyumbani kwa huyo mwalimu. Alipopata nafasi ya chuo kikuu Lubumbashi, alizinakilisha, akaondoka na nakala. Kaseti zenyewe aliniachia mimi, pamoja na redio yake ndogo ya kaseti.

"Sikiliza zote mbili," aliniambia siku ya safari, "kisha uniandikie ile inashinda. Ya bluu uiweke ya mwisho, njo tamu." Njo ni "ndiyo" ya kwetu.

Asiyekuwapo na lake halipo. Wiki haikuisha, kitanda chake kikapangwa magunia ya maharage. Nikawa nalala chumba kimoja na maharage, na sioni aibu kusema kwamba nililia. Mtaa mzima ulicheza muziki wa Kinshasa. Ukiwapigia wenzangu magitaa ya Waingereza waliuliza kama redio imeharibika. Sikuwa na mtu wa kuzungumza naye habari za kaseti zangu isipokuwa yaya, naye alikuwa mbali.

Basi nilisikiliza kwa bidii ya mwanafunzi wa mtihani. Nyekundu kwanza, bluu mwisho, kama nilivyoagizwa. Maneno sikuyaelewa hata moja, lakini hilo halimzuii mtu kutoa hukumu. Nyekundu ilikuwa na mwimbaji mtundu, kama aliyeiba mapera na sasa anakimbizwa. Ya bluu iliimbwa na mzee mwenye sauti nzito, na ngoma zake zilitembea kama watu wanaopandisha jeneza mlimani. Nilishangaa kwamba hiyo ndiyo yaya aliipenda.

Nikaandika barua, tukampa msafiri aliyekuwa akienda kupanda ndege. "Yaya, nyekundu njo inashinda. Ule mutu wa bluu anaimba sawa vile hana mutu kwao. Juu ya nini unaipenda?"

Jibu lilichukua miezi miwili. "Uko na haki, mudogo wangu. Zamani nilikuwa naisikia namna ingine. Lakini huku, sasa niko naisikia vile unasema."

Nilikimbia jikoni kwa Maman nikitangaza kwamba yaya amekubali kushindwa. Maman aliacha kumenya viazi.

"Anasema ni muzima?"

Niliipitia barua tena. "Hasemi. Anasema tu nimeshinda."

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Nilipokuwa mtu mzima, mwenye kazi na nyumba yenye umeme wa kuaminika, siku moja niliipiga ile kaseti ya bluu. Ilikimbia. Mwimbaji alikuwa kijana, karibu anacheka, na ngoma zilikuwa za kuchezwa. Nilidhani mashine ina kasoro, nikaweka nyekundu: ilikuwa ileile ninayoijua. Hapo ndipo nilipofahamu. Zamani kila zamu ya bluu ilipofika, betri zilikuwa taabani, kaseti ikizunguka polepole na sauti ikawa nzito, na mimi nilikuwa nimehukumu betri.

Nilicheka peke yangu sebuleni. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu nilikumbuka kwamba bweni la yaya lilikuwa na umeme. Nakala yake ilikuwa inakimbia vilevile, ya furaha vilevile. Angeweza kunicheka, akanisahihisha. Badala yake aliniambia kwamba naye anasikia mtu asiye na mtu kwao. Alikuwa na miaka kumi na tisa, ugenini, na hakumwambia mwingine yeyote.

Nami nilimjibu mistari miwili tu: kwamba nimefurahi kumshinda, na kwamba atume kaseti nyingine tubishane. Hata hali sikumjulia.