Ncha ya Pili ya Shuka

Shuka la kitanda kipana likishalowa ni kazi ya watu wawili. Mtu mmoja atalivuta, atalikumbatia, atalibembeleza kama mlevi anayerudishwa nyumbani, na maji yatabaki humo humo. Mama Povu aliyajua hayo vizuri, maana alianza kufua mashuka ya nyumba ile ya wageni ingali na choo cha nje. Lakini tangu wifi yake aondoke, alikuwa akifunga ncha moja ya shuka kwenye nguzo ya uani, anashika ncha nyingine, anakamua na nguzo. Nguzo haichelewi kazini, aliwaambia waliomcheka, wala haiombi ruhusa ya kwenda msibani. Kilichomshinda ni kwamba nguzo haina umbea.

Wifi huyo, mdogo wa mumewe, watu walimwita Shoto. Kila kitu alikifanya kwa mkono wa kushoto: kukata vitunguu, kushona vifungo, hata kumzaba kibao bwana mmoja aliyejipitisha karibu mno sokoni. Mume wa Shoto alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuonekana kama mwezi mwandamo, kwa hiyo Shoto alikaa kwa kaka yake na kufanya kazi na wifi yake. Huyu alishika ncha hii, yule ncha ile. Shuka lilijisokota katikati yao likawa gumu kama kamba ya kufungia ng'ombe, maji yakawamwagikia miguuni, na midomo haikupumzika. Hakuna mgeni aliyesalimika. Aliyelala na viatu alisemwa. Bwana harusi aliyekoroma mpaka bibi harusi akaomba chumba chake peke yake, huyo alisemwa mwezi mzima. Mara nyingine kicheko kiliwalegeza mikono, shuka likaanguka mchangani, wakalifua upya bila kinyongo.

Kisha mama mkwe wa Shoto akaugua, huko mbali kwenye mji wa mumewe, na mkwe akatakiwa aende kumuuguza.

"Usimpe mtu ncha yangu," Shoto alisema, mguu mmoja umeshaingia ndani ya basi. "Nikirudi nikimkuta mtu kaishika, tutagombana mimi na wewe."

Alikuwa anatania. Mama Povu aliyachukua maneno yale kama amana.

Msimamizi alimletea wasaidizi, na wote aliwapokea kwa jicho la pembeni. Wa kwanza alikuwa na kucha ndefu, huyo alijihukumu mwenyewe. Waliofuata walikuwa na nguvu zao, lakini kila walipokamata ncha, shuka lilizunguka lote zima kati yao kama kamba ya watoto ya kuruka, lisitoe hata tone la maana. Mama Povu alisonya. Hawajui kukamua, alisema, wamezaliwa kwenye nyumba za kufuliwa na kuanikiwa. Akawasema mpaka wakaondoka wenyewe, akarudi kwenye nguzo yake roho imetulia. Nafasi ya Shoto ilikuwa bado wazi.

Mashuka ya nguzo, hata hivyo, yalikauka kwa kujivuta, na wageni walianza kulalamika kwamba wanalalia unyevu. Msimamizi alikuja uani, akazungumza huku akiangalia viatu vyake, maana alikuwa mpole na jambo lenyewe lilikuwa gumu. Analeta mtu wa mwisho. Huyo naye akishindikana, nguo zote zitapelekwa kwa dobi mwenye mashine, na uani patawekwa meza za chai. Mama Povu atakwenda wapi, hilo hakulitaja.

Mtu wa mwisho alikuwa mama wa mapacha, mwanamke mnene wa vicheko vifupi, asiyetishwa na kusonya kwa mtu. Wakashika shuka. Likazunguka lote zima, kama kawaida.

"Hujui kukamua," Mama Povu alianza.

"Dada, ngoja kwanza," yule mama alisema. "Mimi nazungusha kulia. Wewe mbona unazungusha kushoto? Tukienda hivi litageukageuka mpaka jioni."

Mama Povu aliuangalia mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ndipo akakumbuka. Siku za mwanzo kabisa shuka liliwazunguka hivyo hivyo yeye na Shoto, na kwa kuwa mkono wa Shoto haukugeuzika, hata mama yake mzazi alishindwa nao, yeye ndiye aliyegeuza wake. Ukazoea. Nguzo haikuwahi kumwambia, maana nguzo haijali unazungushia wapi. Wale wote aliowafukuza walikuwa wanajua kazi.

Jioni ile hakula. Mumewe, fundi viatu asiyependa maneno mengi, alimtazama akisukuma sahani, akampa simu.

"Mpigie wifi yako. Mimi nimechoka kukuona unavyojinyonganyonga."

Shoto alipokea kwa furaha, akauliza habari za kila mtu mpaka paka. Mama Povu naye akauliza mgonjwa anaendeleaje.

"Alipona, wifi. Siku nyingi sasa." Sauti ya Shoto ilishuka. "Kila nikitaka kukwambia, maneno hayatoki. Huku nimezoea. Nina kazi, na mume wangu siku hizi analala nyumbani."

Mama Povu alijikamua kicheko, akasema hayo ndiyo mambo, mume kulala nyumbani si haba. Alipokata simu alikaa kizani kidogo, mikono yote miwili imebana upindo wa kanga.

Asubuhi mama wa mapacha alikuwa ameshafika, ameshaloweka. Akasema amefikiria: yeye atajifunza kuzungusha kushoto, amfuate dada, yaishe.

"Hapana," Mama Povu alisema. "Huo si mkono wako. Zungusha ulivyozoea."

Akageuza wake. Ulimkatalia, ukarudi kushoto, akaugeuza tena kwa nguvu, na shuka likajisokota, likakaza, maji yakamwagika mpaka yakamlowesha yule mama magoti. Yule mama alicheka kile kicheko chake kifupi, akaanza kusimulia habari za mgeni wa chumba cha juu. Mama Povu alisikiliza. Hakuchangia, lakini hakumnyamazisha.

Mashuka yalipokwisha, yule mama akaenda kuanika. Zikabaki foronya, ambazo mtu hukamua peke yake. Mama Povu akachutama mbele ya beseni, akazikamua moja moja, zote kwa kushoto.