Dua Iliyokataa Kufungwa

Walisema sitaweza. Nilipoondoka kwenda Durban walisema nitauza pipi barabarani mpaka nizeeke, na niliporudi na diploma ya uhandisi wa sauti walisema nchi hii haina kazi ya kubonyeza vitufe. Shemeji yangu alitamka mbele ya wageni, mdomo umejaa wali, kwamba mwaka hautaisha kabla sijamwomba nauli. Mwenye duka wa mtaani kwetu Vingunguti, Mwarabu ambaye babu yake alifungua duka lile barabara ikiwa bado ya vumbi, alinikopesha fedha ya spika huku akiniambia usoni kwamba anaihesabu kama sadaka. Mchinjaji mmoja wa machinjioni alinikopesha ya amplifaya, akasema anataka tu awepo siku nikianguka. Kina mama wa kikoba ndio pekee walionikopesha bila neno, na hao ndio niliowaogopa kuliko wote.

Mwaka wa pili nilikuwa na muziki bora kuliko mwingine wowote wa kukodi kati ya Tabata na Temeke. Nalisema bila aibu kwa sababu ni kweli. Wenzangu walipima muziki kwa kishindo, mpaka mabati yatetemeke. Mimi nilipima kwa neno. Kwangu, mtu aliyekaa nyuma kabisa ya turubai akitafuna mfupa alisikia kila kilichosemwa mbele. Hilo ndilo nililosomea miaka mitatu huku nikiosha vyombo hotelini, na hilo ndilo lililomleta yule mwimbaji kwangu.

Jina lake silitaji, na halihitajiki. Ukiwa umeoa au umeolewa nchi hii, nyimbo zake zilipigwa. Alizaliwa mtaa wa pili kutoka kwetu, familia ya watu wa kusini, akaimba mpaka akajenga Goba, juu kilimani. Lakini mwaka ule hakuna redio iliyothubutu kumpiga. Mpwa wake, aliyemlea tangu ananyonya, alikuwa mwanajeshi. Alipelekwa kwenye vita vya nchi jirani na akarudishwa katika sanduku lililopigiliwa misumari. Maofisa wawili walikuja nalo na amri kwamba lisifunguliwe. Mmoja alilikalia juu.

Kwetu maiti huoshwa. Tajiri huoshwa, mwizi aliyechomwa moto sokoni huoshwa kile kilichobaki. Yule kijana alizikwa bila tone la maji, na mpaka leo familia haijui kama aliyezikwa ni yeye.

Ndipo alipotunga wimbo wake. Ulikuwa mfupi. Aliomba tu wafungue, wamwoshe, kisha wafunge tena. Ubeti wa mwisho uliuliza vita hivi ni vya nani, na mbona watoto wa waliovianzisha wote wako nyumbani wanakula. Wiki mbili baadaye redio zote ziliacha kuupiga siku moja, saa ile ile. Ukumbi aliokuwa aimbe ulifungwa kwa sababu eti vyoo vichafu. Vibali vyote vya maonyesho akanyimwa. Mpiga besi wake alivunjwa taya mlangoni kwake na watu waliokuja na gari lisilo na namba. Yeye mwenyewe aliitwa kuhojiwa mara tatu, na mara ya tatu alitoka mkono ukiwa kwenye plasta. Wenye muziki wa kukodi wote, wale wa kishindo, waliacha kupokea simu zake.

Alinikuta stendi ya Mbezi Luis, nikisubiri nyaya zangu zilizotumwa kwa basi kutoka Tunduma. Alikuwa amejifunika uso, macho tu yanaonekana. Nikamwamkia kama ninavyomwamkia mama yeyote.

“Marahaba,” akasema, na ile sauti ikanisimamisha nywele. “Nimeambiwa una diploma.”

Nikamwambia ninayo, tena ya daraja la kwanza.

“Wasio na diploma wameshaniogopa wote. Sasa nataka nijue wewe ulisomea nini huko.”

Hivyo ndivyo alivyonipata. Angenililia ningepata sababu ya kukataa. Alinieleza kwa ufupi: arobaini ya mpwa wake ingesomwa nyumbani kwao, Vingunguti, Ijumaa baada ya swala ya alasiri. Hitima haiombewi kibali cha afisa utamaduni. Spika zinaruhusiwa kwa kisomo na dua. Angeimba hapo hapo, bila ngoma wala kinanda, katikati ya dua ya kina mama. Nilijua ninachoweka rehani. Nikikamatwa, vyombo vinakwenda, na vyombo vilikuwa bado vya watu.

Niseme nilichofanya, maana hakuna mwingine mjini angeweza. Honi sita, spika kama zile za misikitini, nilizipandisha kwenye mabati ya nyumba sita tofauti, kila moja na amplifaya yake ndogo na betri yake, zote zikichukua sauti hewani bila waya kutoka kwenye mikisa yangu, mashine ya kuchanganyia sauti. Mbele ya uwanja niliweka spika mbili kubwa ili yeyote anayetaka kuvunja kitu awe na cha kuanzia.

Kina mama walikaa kwenye mikeka uani, kanga kwa kanga. Wanaume walikuwa chini ya turubai barabarani. Masufuria ya pilau yalikuwa jikoni nyuma. Ustadhati, bibi mmoja mwenye sauti kavu, alisoma, na mwimbaji alikaa kando yake, mkono kwenye plasta, maiki ya pili mapajani. Dua ilipoanza na viganja vikapanda, yule bibi aliomba mstari mmoja, akanyamaza, na mwimbaji akaanza.

Nimesikia sauti nyingi kupitia vyombo vyangu. Ile ilinifanya niondoe mkono kwenye vitufe, kwa kuwa haikuhitaji chochote. Aliomba sanduku lifunguliwe, na mtaa mzima ukajibu, “Amin.”

Askari walifika kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Difenda mbili. Sajenti wao alikuwa mtu wa pwani, mtu mzima mwenye alama ya sijda kwenye paji la uso. Alinijia moja kwa moja na rungu mkononi.

“Zima.”

“Afande, dua haijafungwa.”

Akatazama uani. Viganja zaidi ya mia vilikuwa juu. Nikaona anavyopigana na nafsi yake, kisha akaweka rungu kwapani, akavua kofia, akainua mikono. Askari wake wakafanya vile vile, mmoja baada ya mwingine, hata mmoja niliyemjua kuwa Mkristo, kwa kuwa hakutaka kubaki peke yake na mikono chini.

Yule bibi aliona, na alikuwa na akili kuliko sisi sote. Hakufunga. Aliombea marehemu wa mtaa, akaombea wagonjwa, akaombea wasafiri, na kila alipopumua mwimbaji aliingiza ubeti. Aliwaombea askari wenyewe, warudi salama kwa mama zao, wasije wakarudishwa kwenye sanduku. “Amin,” wakajibu, na sajenti alijibu kwa sauti kuliko wote. Ubeti wa watoto wanaokula nyumbani ulipita, na nao ukajibiwa. Mikono yao ilianza kutetemeka kwa uchovu. Mwanamke mmoja nyuma yangu alinong'ona kwamba leo watajua kuomba ni kazi.

Alikuwepo mtu mmoja ambaye hakuinua mikono. Alikuwa na shati la mikono mifupi, alishuka kwenye gari dogo, na lafudhi yake ilikuwa ya bara. Alimwuliza sajenti kwa nini anasimama. Sajenti akamjibu kwa upole kwamba dua ikifungwa wataingia. Akauliza inafungwa lini. Sajenti akasema hilo liko kwa msomaji. Yule mtu akavuka rundo la kandambili mlangoni na kuingia uani. Alikanyaga mikeka ya kina mama na viatu vyake.

Mama mmoja alimshika mguu, akimwambia avue. Akampiga teke la mdomo. Nililiona jino likiruka.

Baada ya hapo hakukuwa na dua. Wanaume wa chini ya turubai waliingia kama maji. Bomu la machozi la kwanza lilianguka jikoni na pilau ikamwagikia mabinti wawili waliokuwa wanapakua. Mmoja aliungua kuanzia kiwiko mpaka vidole, ngozi ikatoka na bangili. Virungu vilishuka kwenye migongo, kwenye vichwa vilivyofunikwa kanga. Sajenti naye alipiga, akilia kwa moshi au kwa jambo jingine, sijui. Wachinjaji walitokea na mapanga yao ya kazi, na risasi ya juu ikalia, kisha nyingine ambayo haikuwa ya juu. Mchinjaji mmoja alikaa chini taratibu, akishika paja, damu ikimpita katikati ya vidole. Wenzake walimfunga kwa mkanda wake na kumkokota.

Na mwimbaji alikuwa bado anaimba. Walivunja spika kubwa mbili kwa matofali, wimbo ukaendelea. Waliipata honi ya kwanza, wakaiangusha, wimbo ukaendelea nyumba ya pili. Walizunguka wakitazama mabati kama watu wanaotafuta paka. Mimi nilikuwa nimeikumbatia mikisa. Askari mmoja aliweka mkono wangu wa kulia juu ya tofali, kwa utaratibu kabisa, na akaupiga mara tatu. Nilisikia vidole kabla sijasikia maumivu. Mikisa ilipoanguka ndipo honi zote zilipokaa kimya.

Kituo cha polisi tulikaa siku nne, mimi, mwimbaji na wengine waliokamatwa. Tulipigwa nyayo kwa waya. Wa mbele yangu alikojoa damu. Siku ya nne walinipeleka kwa yule mtu wa shati la mikono mifupi, akanipa kiti na soda, akaniwekea maelezo yaliyokwisha kuchapwa. Yalisema mimi ni kibarua wa kubeba spika, sijasomea mambo ya muziki, na kwamba yule mwanamke alinidanganya kuwa ni msiba tu na sikuelewa anachoimba. Nikitia sahihi, yeye anashitakiwa kwa uchochezi na udanganyifu, mimi naondoka na vyombo vilivyobaki. Alisema hata mikisa inatengenezeka.

Niliwaza deni. Niliwaza kikoba. Mkono ulikuwa umevimba kama andazi. Kisha nikalisoma tena lile neno, kibarua, na damu ikanipanda.

“Hii si kweli,” nikasema. “Mimi ni mhandisi wa sauti. Nilijua kila neno. Honi zile nilizipanga mwenyewe, na kama hamkujua ziko wapi ni kwa sababu nilisoma.”

“Unajua unachosema?”

“Andika hivyo. Andika na diploma.”

Wapo wanaodhani nilifanya ushujaa. Nilikataa kuitwa kibarua. Lakini nimeishi na jambo hili muda wa kutosha kujua kwamba hazikuwa sababu mbili. Mtu aliyenipa jina langu halisi mwaka ule ni yule mwimbaji, pale stendi, na nisingeweza kulitupa jina bila kumtupa yeye. Walinirudisha ndani na kunipiga mpaka nikazimia.

Kesi haikufika mahakamani. Bila maelezo yangu hawakuwa na shahidi wa udanganyifu, na kulikuwa na jambo jingine: watu walikuwa wamerekodi kwa simu. Wimbo ulipigwa marufuku rasmi, na ndani ya wiki kila simu kuanzia Kinondoni mpaka Mbagala ilikuwa nao, na katika kila nakala walisikika askari wakiitikia “Amin.” Wakiupeleka mahakamani ingebidi wapeleke na sauti zao. Tuliachiwa kupitia mlango wa nyuma. Yeye walimnyang'anya hati ya kusafiria, na hajapanda jukwaani tangu siku ile. Anaimba kwenye misiba, hasa ya wanajeshi, nauli tu anapokea. Misiba hiyo ni mingi.

Mimi nilianza upya na honi moja ambayo askari hawakuiona walipochukua nyingine, kwenye bati la nyumba ya sita. Vidole viwili havikunjiki tena, kwa hiyo nilijifunza kutumia mkono wa kushoto, na bado nasawazisha sauti vizuri kuliko wenye kumi. Nilifanya maulidi, harusi, mikutano ya injili Kimara, mazishi Gongo la Mboto. Ilinichukua miaka miwili na nusu.

Siku ya kulipa nilivaa suti. Niliwalipa wote siku moja ili wasimuliane. Mwenye duka alihesabu mara mbili, akafungua jokofu, akanipa maji baridi na kukataa nilipie. Kina mama wa kikoba walinipigia vigelegele mpaka watu wakatoka nje kuuliza nani anaoa. Nilimwacha mchinjaji mwisho.

Nilimkuta kibandani, karibu na machinjioni, ameegemea ule mguu wake mzima. Nilisahau kusema kwamba aliyepigwa risasi ya paja ni yeye. Nikamwamkia, nikaweka bahasha mezani. Hakuhesabu. Alitoa noti chache tu, akanisukumia zilizobaki.

“Hizi chukua. Ni za Ijumaa.”

Nikamwuliza Ijumaa kuna nini.

“Mdogo wangu. Wamemleta jana, na lile sanduku halifunguliwi.” Alifuta kisu chake kwenye aproni, kwanza upande huu, kisha upande ule. “Braza, zile za juu ya mabati unazo?”

Nikamwambia ninazo kumi.