Kaka Yangu wa Japani

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba baba alikuwa na mtoto mwingine Japani, dereva wa mbio za magari. Nililikumbuka hilo juzi, nilipomwona dereva yule kwenye simu, ana mvi, akitangaza kustaafu.

Tulikuwa Guangzhou, katika ofisi ya mizigo iliyonuka gundi na vitambaa vipya. Wafanyabiashara walibandika ukutani picha za watoto waliowaacha Dar. Baba, ambaye mimi nilikuwa naye palepale, alibandika ya dereva. Aliyajua mashindano yote aliyoshinda yule bwana, lakini darasa nililosoma alilisahau.

Alasiri moja niliibandua picha ile, nikaitumbukiza kwenye katoni ya vitenge iliyokuwa ikifungwa kwenda Dar.

“Nani kaitoa picha?” baba aliuliza.

“Kwani huyo mama yake nani?” nilifoka.

Ofisi nzima iliangua kicheko. “Haya bosi, jieleze!” mmoja alisema.

Baba hakucheka. Alinitazama, kisha akautazama ukuta.

Leo najua dereva yule hakuwahi hata kulisikia jina la baba. Bado namwonea wivu. Pale ukutani palibaki patupu mpaka tulipohama, na sijui baba alikuwa amemwekea nani nafasi ile.